Muulize Shangazi: Watoto Wanashinda Ndani, na Mto Uko Pale Pale

Barua tatu za mwezi huu zote zimetoka Louisville, jimbo la Kentucky, mji ninaoishi mwenyewe tangu 2011. Nilitoka Ujiji nikafikia upande wa kusini wa mji huu, na miaka yote nimefanya kazi kwenye jiko la shule. Watoto wenu nawajua kwa sinia zao: nani anamaliza, nani anaficha mkate mfukoni ampelekee mdogo wake. Kwa hiyo leo najibu ya kwetu.

Shikamoo Shangazi. Nina watoto wanne, mkubwa ana miaka 13, wa mwisho mitano. Tulifika Novemba tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Mimi napakia vifurushi usiku uwanja wa ndege, mke wangu anafanya usafi hotelini mchana. Sasa shule zimefungwa na watoto wanashinda ndani ya apatimenti, mapazia yameshushwa, simu na televisheni tangu asubuhi. Mke wangu anaogopa kuwatoa. Ameambiwa huku kuna bunduki, na kuna mto unaochukua watu. Nami kila nikiuliza pa kuwapeleka natajiwa mahali pa dola ishirini kila kichwa. Hivi Marekani hakuna cha bure?
*Baba wa wanne*

Marahaba, baba. Pole na kazi ya usiku, najua inavyokula mwili.

Nianze na hofu ya mama. Mimi siidharau. Bunduki zipo, na mto kweli unachukua watu. Lakini mtoto anayefungiwa miezi miwili na nusu ndani ya vyumba viwili naye anapotea, polepole, na hakuna atakayempigia kelele. Agosti wanarudi kwangu kwenye foleni ya chakula macho yamefifia, na Kiingereza walichokipata Mei kimewatoka. Kwa hiyo tokeni, ila tokeni mchana, na tokeni wengi. Tafuta familia mbili za jirani mpeane zamu: leo mama huyu, kesho baba yule. Ndivyo tulivyolelewa Ujiji, na hapa hakuna sheria inayotukataza kulea hivyo.

Mwanzo usiende mbali. Uko kusini, basi Iroquois Park ni yako. Ni msitu mzima juu ya kilima, hauna kiingilio, na ukifika kileleni unauona mji wote umelala chini kama mkeka. Bustani hiyo, pamoja na Shawnee upande wa magharibi na Cherokee upande wa mashariki, zilichorwa kuanzia 1891 na Frederick Law Olmsted, yule yule aliyechora bustani kubwa ya katikati ya New York. Watu husafiri kuja kutazama kazi ya mzee huyo, na wewe unayo karibu na mlango wako. Wapeleke wanao wapande kilima kwa miguu. Wamezaliwa kambini ambako kila mti ulikuwa na mtu aliyeukusudia kuni. Waache washike miti isiyodaiwa na mtu.

Wakikua kidogo, waeleze habari ya Chickasaw Park, magharibi kando ya mto. Ilikuwa ndiyo bustani ya watu Weusi, wakati bustani nyingine za jiji zilikuwa zimewafungia milango. Zuio hilo liliondolewa 1955. Wapo wazee katika mji huu wanaokumbuka kwa macho yao kukatazwa kukanyaga majani ambayo mwanao leo anayachezea mpira. Nataka watoto wetu walijue hilo, wasidhani majani yalikuwa ya wote tangu zamani.

Sasa mto. Mimi ni mtu wa ziwa, baba. Tanganyika nimeoga, nimefua, nimesubiri boti za dagaa alfajiri. Nilipouona huu mto wetu, Ohio, mara ya kwanza niliona maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, nikasema huu si mto wa kuogopesha. Nilikosea. Chini ya utulivu ule kuna mkondo, na hapa Louisville mto unashuka kama mita nane katika mwendo wa kilomita tatu hivi, juu ya miamba. Hiyo miamba ndiyo iliyozaa mji. Mashua za zamani zilikwama hapo, watu wakashusha mizigo kuivusha kwa nchi kavu, na penye wapagazi na mizigo pakaota mji. Ulianza 1778, na mfereji wa kupitisha meli pembeni ya miamba ukafunguliwa 1830. Siku hizi kuna na bwawa la kuzuia maji, na karibu na bwawa maji yanavuta. Kwa hiyo sheria ya nyumba yangu, naomba iwe na ya nyumba yako: mto wa Ohio unatazamwa, hauogewi. Mtoto hatii mguu, hata pale pwani inapoonekana laini.

Lakini kutazama, baba! Mpeleke mama siku ya mapumziko yenu kwenye daraja linaloitwa Big Four. Lilijengwa kwa ajili ya treni, likakamilika 1895. Treni zikaacha kupita, wakakata njia za kulipandia pande zote mbili, na kwa zaidi ya miaka arobaini likabaki limesimama katikati ya mto halifikiki na mtu. Mwaka 2013 upande wetu ulifunguliwa tena kwa watembea kwa miguu na baiskeli, na mwaka uliofuata upande wa pili ukamaliziwa. Hakuna gari, hakuna tiketi. Unaanza kwa kupanda njia inayozunguka kama konokono, unaibukia juu, unatembea na upepo, na ukishuka ng'ambo umo jimbo la Indiana, mji wa Jeffersonville. Mwanangu wa mwisho alikuwa akisimama katikati, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, akiniuliza: sasa niko wapi? Kuna vyuma vikubwa vya misumari ya kugongwa, vichwa vyake vimevimba kama vitumbua. Waambie watoto wavipapase. Halafu wangojee tishari. Yanakuja yamefungwa pamoja, hata kumi na tano kwa mpigo, mengi yana makaa ya mawe au kokoto, na nyuma kabisa kuna meli moja tu inayasukuma. Yakipita chini ya miguu yenu, mkubwa wako wa miaka 13 ataiacha simu. Nimeona wakiiacha.

Pale chini ya daraja kuna Waterfront Park, nyasi hadi kwenye maji, na wakati wa joto mna sehemu za watoto kuchezea maji yanayorushwa kutoka chini. Hayo ndiyo maji yao ya kulowa. Na kuogelea wafundishwe, kwenye bwawa la kuogelea la jiji, na mwalimu. Uliza bei ya familia yenye kipato kidogo kabla hujasema huwezi. Karibu na hapo hutia nanga meli ya zamani ya mvuke, Belle of Louisville, iliyoundwa 1914. Kuipanda ni pesa, mimi nimeipanda mara moja tu. Lakini kabla ya kung'oa nanga hupiga kinanda chake cha filimbi za mvuke, na sauti hiyo haina mlango. Kaa kwenye nyasi usikilize.

Septemba, mto ukipungua, vukeni kwa gari la jirani hadi Clarksville, kwenye Falls of the Ohio. Miamba huwa imeanikwa, na ndani yake mna matumbawe yaliyogeuka mawe, ya miaka kama milioni 390, kutoka enzi za bahari. Unainama unaliona limejaa vitundu kama sega la nyuki. Kushika ruhusa, kuchukua marufuku.

Tena kuna maktaba, na hapa nitakung'ang'ania. Kadi ni bure. Nenda na kitambulisho na karatasi yenye anwani yako. Wana vitabu, kompyuta, na vikundi vya watu wazima vya kufanya mazoezi ya kuzungumza Kiingereza, ambavyo mama angepata shoga wawili watatu kwa siku moja. Likizo hii kubwa uliza pasi ya utamaduni kwa watoto na vijana hadi miaka 21. Inawafungulia makumbusho na sehemu nyingine bila kulipa, na orodha hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ichukue mapema. Zile dola ishirini ulizotajiwa, nyingi zinafia hapo. Na siku ukipata nafasi, wapeleke tawi la Western, mjini. Mlango huo ulifunguliwa 1905 kwa ajili ya watu Weusi, wakihudumiwa na watu Weusi, wakati ambapo karibu hakuna mji mwingine wa nchi hii uliokuwa na maktaba ya namna hiyo. Aliyekuwa mkuu wake, Thomas Fountain Blue, alifundisha pale wakutubi Weusi wa miji mingine. Jengo la 1908 bado linatumika. Mimi kila nikiingia huvuta pumzi kwanza.

Wewe uliyetokea Kongo ukapita Kigoma, Muhammad Ali huhitaji kuelezwa. Usiku ule wa Oktoba 1974 pale Kinshasa, alipomwangusha Foreman raundi ya nane, redio zilikuwa kwenye kila kibaraza. Kaka zangu walituhadithia tukiwa wadogo kana kwamba walikuwepo. Yeye ni mtoto wa mji huu, kazaliwa 1942. Mwaka 1954, ana miaka 12, aliibiwa baiskeli yake nyekundu na nyeupe. Akamwendea askari polisi, Joe Martin, akilia na kusema atampiga mwizi. Askari akamwambia ajifunze kwanza kupigana, maana alikuwa akifundisha ndondi chini ya jengo lile lile. Wasimulie wanao habari hiyo mkiwa njiani kwenda Ali Center, kituo chake kando ya mto. Mtoto aliyepoteza kitu akapata mtu mzima wa kumsikiliza, hilo wanalielewa kuliko mikanda ya ubingwa.

Na jioni moja, chukua kitenge cha kukalia, ubebe mahindi ya kuchoma, nenda Central Park ya hapa Louisville. Tangu 1960 wanacheza michezo ya Shakespeare pale chini ya miti, bure, kila majira ya joto. Kiingereza chake hata Wamarekani kinawashinda, kwa hiyo mtakuwa sawa na wenzenu. Watoto wanafuata mapanga, mavazi na watu kufa kisha kuamka kupiga goti.

Mapazia yafungueni, baba. Nguo zikauke na jua liingie.

Shangazi, nimeletewa karatasi kwamba mwanangu wa gredi ya nne yumo kwenye darasa la ESL. Jirani anasema ni darasa la watoto wazito wa kichwa, na akiingia hatoki. Nataka nimtoe. Kwa mdogo wake, ili yasimkute hayo, kwenye fomu ya kuandikisha pale wanapouliza lugha ya nyumbani nimeandika Kiingereza. Tena nikiitwa mkutanoni mwanangu ndiye ananitafsiria, yeye anaweza. Nimefanya vema?
*Mama mwenye mashaka*

Dada yangu, hapana. Usikasirike, nitakueleza kwa nini naumia.

ESL ni msaada wa Kiingereza. Haupimi akili. Kila mwaka mtoto anapimwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na akifikia kiwango anatoka. Mimi nawaona wakitoka. Mwaka fulani alikuja mvulana kutoka kambini, akisimama kwangu kila siku na pakiti ya maziwa mkononi hajui inafunguliwaje, na hajui kuuliza. Nikamwonyesha: vuta masikio haya nyuma, kisha bana katikati, mdomo utatoka. Kwa miezi hakutamka neno. Walimu wa ESL hawakumlazimisha. Mwaka wa tatu alinijia kuniuliza kwa Kiingereza kilichonyooka kama maziwa ya chokoleti yamekwisha. Haki hiyo ya kusaidiwa haikuanguka kutoka mbinguni. Wazazi wa watoto wa Kichina kule San Francisco waliipigania mahakamani hadi Mahakama Kuu ya nchi ikaamua 1974 kwamba kumweka mtoto darasani asikoelewa neno si kumpa elimu.

Kwa hiyo ile fomu ya mdogo irekebishe. Nenda ofisini, sema nyumbani tunazungumza Kiswahili. Ukiandika Kiingereza, hapimwi, na asipopimwa hasaidiwi. Atakaa nyuma ya darasa akitabasamu na watu wataandika kwamba ni mvivu. Kiswahili hapa si aibu wala si kigeni: baada ya Kiingereza na Kihispania, ni miongoni mwa lugha zenye watoto wengi katika shule za jiji hili. Na kama hofu yako ni karatasi za uhamiaji, jua kwamba tangu 1982 Mahakama Kuu imeamua mtoto hazuiwi shule ya umma kwa sababu ya karatasi.

La tafsiri nalieleza kwa kisa changu. Mwanangu wa mwisho alikuwa gredi ya kwanza. Nikaitwa shuleni, shule yenyewe siitaji. Mkalimani hakuwepo, wakamwita dada yake, miaka kumi, wakamweka kiti katikati yetu. Mwalimu akaongea kwa muda, kwa upole, akagusa na upande wa kichwa chake. Binti akanigeukia: "Mama, mwalimu anasema hasikii."

Nikashukuru. Nikarudi nyumbani nikamgombeza mtoto jioni nzima. Hasikii! Nimevuka bahari ili wewe usisikie? Wiki mbili sikumruhusu kutoka nje. Alinitazama tu, akiangalia midomo yangu, nami nikahesabu huo nao ni ujeuri.

Miezi minane baadaye muuguzi wa kliniki alimpima masikio kwa sababu ya mafua. Nyuma ya ngoma zote mbili kulikuwa na maji. Mtoto alikuwa akitusikia kama mtu aliyezamisha kichwa ndani ya pipa. Mwalimu alikuwa amesema hivyo hivyo, apelekwe akapimwe. Binti yangu hakukosea neno. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mtoto mkaidi na kwa mtoto mwenye masikio mabovu, na msichana wa miaka kumi hawezi kujua kwamba pale alipaswa kuuliza. Leo ni mama mtu mzima na bado hulitaja jambo lile, akijilaumu. Mzigo huo niliubebesha mimi, pamoja na shule ile.

Kwa hiyo ukiitwa, jibu hivi kabla ya siku: nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hulipi, ni wajibu wao, hata kwa simu. Mkisha kaa na mtu hayupo, simama taratibu, sema utarudi akipatikana. Mwambie mkalimani na asili yako, Uvira au Bukavu au Kigoma, maana maneno hayalingani. Na mwanao mwache awe mtoto kwenye kiti cha mtoto.

Moja la mwisho: ukiambiwa uchague shule, uliza kwanza basi linafika kwenu. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2024–25 mabasi ya wanafunzi wa shule nyingi za jiji ambazo mzazi huziomba mwenyewe nje ya shule ya mtaa wake (huziita magnet) yaliondolewa, na usafiri hubadilika. Shule nzuri usiyoweza kuifikia saa moja asubuhi haitakusaidia.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 17, niko sekondari. Nataka kuchezea timu ya mpira ya shule lakini baba anasema mpira ni uhuni. Pia rafiki yangu kaambiwa umri umempita wakati hajapitwa. Je, na mimi?
*Winga wa kushoto*

Marahaba mwanangu. Msimu wa mpira wa miguu wa sekondari Kentucky ni kuanzia Agosti, mazoezi huanza Julai. Mtafute kocha kabla mazoezi hayajaanza, uchukue fomu ya daktari, na masomo uyafaulu. Ukianguka darasani huchezi. Hilo mwambie baba kwanza. Mhuni gani analazimishwa kufaulu hesabu ili apewe jezi?

Umri: ukitimiza miaka 19 kabla ya Agosti mosi, msimu huo haukuruhusu. Sasa angalia karatasi zako. Wengi wetu tuliotoka kambini tumeandikiwa tumezaliwa Januari mosi, kwa sababu aliyeandika alijua mwaka tu. Kijana aliyezaliwa Novemba akiandikwa Januari mosi ya mwaka ule ule amezeeshwa miezi kumi, na kwa miezi hiyo anaweza kupoteza msimu mzima. Nadhani ndilo lililomkuta rafiki yako, na linauma, maana hakudanganya mtu. Shule inafuata karatasi. Kurekebisha kunahitaji ushahidi kama cheti cha kliniki au cha ubatizo na mwanasheria wa uhamiaji, na huchukua muda mrefu, kwa hiyo piga hesabu yako leo kwa tarehe iliyoandikwa. Usijaribu kuibadilisha kwa mkono.

Fomu ina mahali pa mzazi kusaini. Mwombe baba aje kutazama mechi moja kabla hajakataa, au mpeleke Lynn Family Stadium kando ya mto, uwanja wa Louisville City, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi yake 2017 na 2018. Aone na wazee wenzake wamekaa pale na wajukuu.

Ukipata namba, niandikie ratiba. Jikoni natoka saa nane na nusu mchana. Nitakaa upande wa kushoto.